Nairobi kwa miguu siku tatu: sanamu, minara na makumbusho ya katikati ya jiji (uzi mrefu)

Mpare wa Gonja

Wakuu, habari za wakati huu. Nimerudi juzi kutoka Nairobi na miguu bado inauma. Nilikwenda kwa harusi ya mpwa wangu. Harusi ikaisha Jumapili, wenzangu wakapanda basi kurudi kupitia Namanga, mimi nikabaki siku tatu kwa shughuli moja tu: kuuzunguka mji kwa miguu nikitazama sanamu na minara ya kumbukumbu. Wengi tukitoka kule tunasimulia twiga na maduka. Leo nataka niwasimulie mawe na shaba. Uzi ni mrefu, tuvumiliane.

Sababu yangu naiweka wazi mapema. Bibi yangu mzaa baba alikua bila baba. Baba yake alichukuliwa Upareni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akabebeshwa mizigo ya jeshi la Mwingereza lililokuwa likimfukuza Mjerumani kuelekea Rufiji. Hakurudi. Haikuja barua, halikuonekana kaburi, wala hakufika mtu wa kusema amefia wapi. Bibi alikuwa akisema tu "alibebeshwa sanduku la risasi", halafu ananyamaza. Kwa hiyo nilipoambiwa kuwa katikati ya Nairobi kuna sanamu ya mpagazi, tena yenye maandishi ya Kiswahili, nilijua safari hii siondoki bila kuiona.

SIKU YA KWANZA

Nikaanzia hapo hapo, Kenyatta Avenue. Barabara ni pana ajabu. Enzi za ukoloni iliitwa Delamere Avenue, na wenyeji husimulia kuwa ilipimwa upana ule ili mkokoteni wa kuvutwa na msururu wa ng'ombe uweze kugeuka. Sanamu iko karibu na inapokatiza Kimathi Street. Ni watu watatu wa shaba juu ya jiwe, askari na mpagazi wao. Iliwekwa mwaka 1928. Mchongaji ni Mwingereza, James Alexander Stevenson, yule yule aliyetengeneza Askari wetu wa Samora pale Dar, iliyozinduliwa 1927, na ile ya Mombasa. Sanamu tatu, baba mmoja.

Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Kwa maneno yangu mimi, yanasema huu ni ukumbusho wa askari Waafrika waliopigana, na wachukuzi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wote waliotumika na kufa Afrika Mashariki kati ya 1914 na 1918. Kisha inakuja ahadi: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Nilisimama pale kwenye neno "jina" mpaka muuza magazeti akaniuliza kama nimepotea. Nikalizunguka lile jiwe mara mbili. Jina la mtu halimo, hata moja. Yule mpagazi wa shaba amechongwa vizuri, mzigo wake unauona ni mzito, lakini ni mpagazi tu, hana baba wala kijiji. Nikamgusa mguu. Nilikuwa nimekuja na jina moja kichwani na sikuwa na mahali pa kuliweka.

Kutoka hapo nikashuka Kimathi Street. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau waliompinga Mwingereza kutoka msituni, amesimama na bunduki ya kuundwa kwa mkono na kisu, nywele zimesokotwa, uso umeelekea mbele. Sanamu ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Waingereza walipomnyonga gerezani Kamiti. Mwili wake ulizikwa ndani ya gereza, na mpaka leo familia yake haijakabidhiwa kaburi. Mjini anayo sanamu na anayo barabara. Kaburi hana.

Hatua chache unafika Moi Avenue, kwa Tom Mboya. Sanamu yake ni ya 2011, chini yake kuna ndege heroe, na iko karibu na mahali alipopigwa risasi Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969 akitoka duka la dawa. Alikuwa waziri na alikuwa na umri wa miaka 38. Pale pana kelele za matatu, wapiga picha, vijana wanasubiriana. Nyuma yake kuna jengo la Nyaraka za Taifa, ambalo kila mtu Nairobi analiita Archives tu. Lilijengwa kama benki mwanzoni mwa karne iliyopita. Ingieni ndani jamani, msiishie kulitumia kama alama ya kukutania. Ghorofa ya chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya: vinyago, milango, nguo na mapambo kutoka Afrika nzima. Nilikaa saa mbili nikaona hazitoshi.

Siku hiyo nikaishia hapo. Ya Bustani ya tarehe 7 Agosti nitaandika kesho, ile inahitaji moyo uliotulia.

Jirani wa Ngara

Karibu sana ndugu, na pole kwa miguu. Umefanya jambo ambalo sisi wenyewe hatulifanyi. Mimi nimepita mbele ya ile sanamu ya askari tangu nikiwa shule ya msingi, na ni leo nimejua kuna Kiswahili pale chini.

Nikuongezee kitu. Ukitoka mjini kuelekea Pumwani kuna mtaa na soko linaitwa Kariokor. Wengi huenda pale kula nyama choma na kununua vyondo, basi. Lile jina ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Ndilo hilo hilo lililozaa Kariakoo yenu ya Dar. Ulizunguka kutafuta ukumbusho wa babu yako, na kumbe miji yote miwili ina mtaa mzima unaomtaja, ila watu wamesahau maana.

Mpare wa Gonja

Jirani, umenipiga mahali penyewe. Nimekaa Dar miaka kumi na moja, nimenunua viatu na mitumba Kariakoo, najua jina limetoka kwa wapagazi, lakini sikuwahi kuliunganisha na mtu wa kwetu. Kariokor sikufika. Hilo ni deni.

Kibibi wa Old Town

Asalaam alaykum. Hiyo ya kwetu Mombasa iko Jomo Kenyatta Avenue, na maneno ni yayo hayo. Marehemu babangu alikuwa akitupitisha pale tukienda sokoni, akitusomea kwa sauti, sisi watoto tukiona haya kwa vile watu wanatutazama. Sasa natamani angalikuwepo anisomee tena. Nduguyangu wa Gonja, endelea, twasoma.

Mpare wa Gonja

SIKU YA PILI

Njia panda ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue ndipo ulipokuwa ubalozi wa Marekani mpaka asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998. Leo ni bustani. Unalipa kiingilio kidogo, unaingia, na kelele za mji zinabaki nje kwa namna ambayo siwezi kuieleza, maana magari yako pale pale ng'ambo ya ukuta. Kuna nyasi, chemchemi, viti, na ukuta wa majina.

Watu zaidi ya 200 walikufa Nairobi. Dar, dakika chache tu kabla au baada, watu 11. Niliyasoma yale majina moja moja, karibu yote ya Kenya: Wakikuyu, Wajaluo, Waluhya, Wakamba, majina ya Kiislamu, ya Kihindi, machache ya Wamarekani. Wengi hawakuwa watu wa ubalozi. Jengo la jirani, Ufundi House, liliporomoka lote, na ndani yake walikuwemo wanafunzi wa ukatibu muhtasi. Mabasi yalikuwa yamesimama barabarani yamejaa abiria.

Nilimwona mama mmoja akiweka kidole kwenye jina, akakaa hivyo kidogo, akaondoka bila kusema neno. Nilipotoka nilielewa jambo lililonisumbua jana yake kwenye Kenyatta Avenue. Jiwe lenye jina unaweza kuliwekea kidole. Jiwe lisilo na jina unalitazama tu.

Mama Shufaa

Mwanangu, nimesoma nikalazimika kuweka simu chini kwanza. Mimi siku ile nilikuwa mjini, naelekea benki. Kulianza mlipuko mdogo, kama tairi la lori. Watu maofisini wakakimbilia madirishani kuchungulia kuna nini. Ndipo ukaja ule mkubwa. Kwa sababu hiyo watu wengi sana waliumia macho kwa vioo, na wako waliopofuka moja kwa moja. Hilo halimo ukutani, na ni vizuri watu wajue: kuna walionusurika ambao wanaishi gizani mpaka leo.

Nakumbuka vumbi, na karatasi. Karatasi za ofisi zilikuwa zinaanguka kutoka juu kwa muda mrefu, polepole. Na jioni nakumbuka foleni za watu wanaotoa damu. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kabila.

Kila mwaka tarehe 7 Agosti nakwenda pale. Mwaka huu nikijaliwa nitakwenda na mjukuu wangu.

Mpare wa Gonja

Mama, shikamoo. Ahsante kwa kutusimulia, najua si rahisi. Nitalikumbuka hilo la madirisha.

Chuma cha Reli

Shikamoo mama. Mkuu, naomba uwaambie watu pia wasiikose Makumbusho ya Reli, iko nyuma ya stesheni ya zamani, kutoka kwenye hiyo bustani ni mwendo mfupi. Bila reli Nairobi isingekuwepo. Mwaka 1899 reli kutoka Mombasa ilipofika hapa palikuwa tambarare yenye majimaji, Wamasai wakipaita mahali pa maji baridi, mafundi wakapiga kambi kabla ya kupanda milima ya kuelekea Bonde la Ufa. Kambi ikawa mji, mji ukawa makao makuu.

Makumbusho ni ya tangu 1971. Yapo magari moshi ya mvuke ya zamani, unaweza kupanda na kushika vyuma. Na lipo behewa ambalo mwaka 1900, pale Kima, ofisa wa polisi wa reli aitwaye Ryall alivutwa nje na simba usiku. Ryall na wenzake walikuwa wamelala humo wakimvizia simba yule yule. Baba yangu alikuwa fundi wa mvuke, kwa hiyo mimi pale huwa nakwenda kama mtu anayekwenda nyumbani.

Mpare wa Gonja

Nilifika Chuma, na lile behewa nimeingia. Ni dogo kuliko nilivyodhani, dirisha lenyewe ndilo la kushangaza.

Mchana nikapanda KICC, jumba la mikutano ya kimataifa la Kenyatta. Hili jengo naomba nilisifu bila kujizuia. Lilijengwa kati ya 1967 na 1973, ghorofa 28, msanifu wake ni Karl Henrik Nøstvik wa Norway akishirikiana na Mkenya David Mutiso. Lilianza kama makao makuu ya chama cha KANU, likapanuka, na Septemba 1973 likapokea mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mnara ni wa duara wenye pembe pembe, pembeni yake ukumbi wenye paa la kuchongoka kama la nyumba ya msonge. Rangi yake ni ya udongo. Limesimama miaka 50 na zaidi na halijachakaa machoni. Majengo ya vioo yaliyoota kandokando yake sidhani kama kuna mtu atayatolea nauli kwenda kuyaona.

Juu kabisa unatoka nje unaona mji wote: upande mmoja mbuga ya wanyama, upande mwingine misitu ya Karura, na chini yako Bunge. Mlinzi alinieleza kuwa asubuhi ya mbingu safi Mlima Kenya unaonekana. Mimi nilipata mawingu.

Uwanjani mbele ya jengo ameketi Mzee Jomo Kenyatta, sanamu kubwa ya James Butler ya 1973. Na ng'ambo, ndani ya eneo la Bunge, ndipo alipozikwa baada ya kufariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Kaburi linalindwa na wanajeshi na picha hairuhusiwi. Nilipotoa simu askari alinipungia mkono kwa upole, nikairudisha mfukoni. Mnaokwenda zingatieni hilo, na eneo lote la Bunge ni hivyo.

Mwana wa Nzaui

Ndugu, nauliza swali la moja kwa moja. Umepita Jeevanjee Gardens? Kuna Malkia Victoria pale. Mwaka 2015 watu walimvunja kichwa. Mimi nasema wasingemrudishia kitu. Delamere, mkubwa wa walowezi, waliondoa sanamu yake 1963 nchi ilipopata uhuru, huyu alibaki kufanya nini? Barabara ya soko kuu la jiji inaitwa Muindi Mbingu. Huyo ni mzee wa kwetu Ukambani aliyeongoza watu mwaka 1938 kwenda Nairobi kwa miguu kudai ng'ombe wao waliochukuliwa na serikali ya mkoloni. Uliona sanamu yake popote? Ana kibao cha barabara tu. Malkia ambaye hakuwahi kukanyaga hapa amepewa bustani.

Mpare wa Gonja

Nimepita, kaka, na hoja yako naiheshimu. Ya Muindi Mbingu nakubaliana nawe kabisa, anastahili sanamu tena mbele ya lile soko.

Kuhusu Jeevanjee nina mtazamo wangu. Ile bustani haikutolewa na Malkia. Ilitolewa mwaka 1906 na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara kutoka Karachi aliyeleta mafundi na vibarua wa reli, akaweka na hiyo sanamu. Aliikabidhi kwa watu wa Nairobi. Na mwaka 1991 walipotaka kuijengea maegesho na maduka, binti yake alisimama kidete na mtetezi wa mazingira Wangari Maathai akasimama naye, ikasalimika. Leo watu wamelala kwenye nyasi mchana, wanahubiri, wanabishana siasa mpaka povu. Kwangu mimi kitu cha kukumbukwa pale ni kwamba kipande cha ardhi katikati ya jiji kimebaki cha wananchi kwa zaidi ya miaka mia. Malkia na abaki au aondoke, nyasi zisiondoke.

Mwana wa Nzaui

Nyasi zisiondoke, hapo tumekubaliana. Malkia aende makumbusho, akae na maelezo yake.

Jirani wa Ngara

Kwa hasira hiyo hiyo ya Nzaui, watu wajue pia kuwa majina ya barabara yalibadilika na hiyo ni kumbukumbu ya aina yake. Kimathi Street ilikuwa Hardinge Street. Tom Mboya Street ilikuwa Victoria Street. Moi Avenue ilikuwa Government Road. Nyanyangu mpaka alipofariki aliita Moi Avenue "Gavament Road".

Mpare wa Gonja

SIKU YA TATU

Asubuhi nilipita Jamia, ule msikiti wenye kuba za fedha na minara miwili, uliojengwa kati ya 1925 na 1933. Nikaswali dhuha, nikakaa kidogo kwenye ubaridi wa ndani. Jirani yake ni maktaba ya McMillan yenye simba wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa 1931. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma humo. Nilipochungulia ndani meza zilikuwa zimejaa wanafunzi.

Kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway kuna nyumba ya mawe ya 1913 iliyokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, ambapo vizazi, ndoa na vifo vilikuwa vikiandikishwa. Sasa ni jumba la sanaa. Nilimuuliza mhudumu kama vifo vya wapagazi viliandikwa humo. Akafikiri, akaniambia "mzee, hao hata kuhesabiwa vizuri hawakuhesabiwa."

Tahadhari ndogo kwa Watanzania wenzangu: makumbusho ya serikali nilikoingia hawakupokea fedha taslimu, malipo ni kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali ya Kenya. Ukiwa huna laini ya Kenya beba kadi ya benki, au nenda na mwenyeji.

Kisha Uhuru Park. Nilikwenda kwa ajili ya ukumbusho wa Mau Mau uliozinduliwa tarehe 12 Septemba 2015, na huu naomba kila mtu auone. Ni watu wawili, mpiganaji wa msituni na mwanamke anayempa chakula. Hawatazamani. Kila mmoja ameangalia kwake, ili mmoja akikamatwa na kuteswa asiweze kumtambua mwenzake. Nimeona sanamu nyingi za mashujaa wamenyanyua bunduki. Hii ndiyo ya kwanza kuona inayoonyesha hofu, na mkono wa mwanamke ndiyo kitovu chake.

Gharama yake ilitolewa na serikali ya Uingereza. Ilikuwa sehemu ya makubaliano ya 2013, baada ya wazee kwa bibi kwenda mahakamani London na kueleza waliyofanyiwa kwenye kambi za vizuizi za mkoloni wakati wa Mau Mau. Waathirika 5,228 walilipwa, jumla ya pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Ukigawa unaona ni kidogo kwa kila mtu. Lakini wazee wale walishinda kitu ambacho wapagazi hawakuwahi kukipata: walitajwa, mmoja mmoja, kwa majina, mbele ya hakimu.

Wanja wa Karura

Kaka, na hapo hapo ulipokuwa umesimama ndipo Freedom Corner. Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ile, Wangari Maathai akaandika barua kila mahali mpaka wafadhili wakajitoa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula pale wakidai watoto wao, polisi wakawapiga, akina mama wakavua nguo mbele yao. Wangari alipigwa akazimia. Wakahamia All Saints Cathedral, ng'ambo ya barabara, wakakaa mpaka vijana wao wakaanza kuachiwa. Mamangu alikuwa akiwapelekea uji pale kanisani. Na tarehe 27 Agosti 2010 katiba mpya ikatangazwa ndani ya bustani hiyo hiyo. Mimi nilibebwa mabegani, sikuona kitu ila bendera.

Mkerewe Ughaibuni

Wakuu, niko Uingereza, nimefuatilia uzi huu tangu jana usiku. Kuhusu wapagazi, Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe na kuomba radhi. Ilikiri kuwa wanajeshi na wachukuzi angalau 116,000 wa Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi inaweza kufika 350,000. Wazungu waliofia vita ile ile walikumbukwa kila mmoja kwa jina lake, kwenye jiwe la kaburi au kwenye ukuta wa ukumbusho. Kwa Waafrika waliona sanamu moja kama hiyo ya Nairobi inatosha kwa wote. Wengi wa wapagazi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na njaa, wakiwa wanatembea.

Kwa hiyo bwana wa Gonja, ulichokiona pale kwenye jiwe si makosa ya mchongaji. Yalikuwa maamuzi. Na tume sasa inatafuta majina kwenye kumbukumbu za zamani. Andika ulichonacho: jina, kijiji, aliyemchukua, alikoelekea. Hata kama ni sentensi moja ya bibi.

Mpare wa Gonja

Mkerewe, nimesoma ujumbe wako nikampigia baba simu papo hapo. Yuko hai, ana miaka 81. Nikamwambia anitajie tena jina la babu yake, na la baba wa babu yake, na mahali walipokuwa wanaishi kabla ya kuhamia bondeni. Alinitajia, halafu akaniuliza "unataka kwa ajili ya nini?" Nikamwambia kuna watu wanaandika. Akasema ngoja achukue miwani, kana kwamba ni yeye atakayeandika. Tulikaa kwenye simu saa nzima. Ametoa na jina la rafiki wa marehemu waliyechukuliwa naye siku moja, ambalo mimi sikuwahi kulisikia maishani.

Dogo wa Kisumu

Heshima kwako mzee. Swali la haraka: nina nusu siku tu Nairobi wiki ijayo nikisubiri basi la usiku. Nianzie wapi?

Mpare wa Gonja

Dogo, anza Archives, uingie ndani. Toka umwone Mboya, shuka Moi Avenue mpaka bustani ya 7 Agosti, kaa humo angalau nusu saa. Rudi Kimathi Street, malizia kwa askari wa Kenyatta Avenue, usome Kiswahili chake kwa sauti. KICC acha kama muda ni mdogo. Uhuru Gardens kule Langata Road, ambako bendera ya Kenya ilipandishwa usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963, huwezi kuiwahi kwa foleni ya magari. Mimi mwenyewe sikuiwahi.

Jirani wa Ngara

Basi ukirudi tena Nairobi twende wote. Asubuhi Kariokor, tuongee na wazee wa sokoni, kuna wawili ninaowafahamu ambao baba zao walizaliwa mtaani pale. Mchana Uhuru Gardens.

Mpare wa Gonja

Baba anasema anataka kuja. Nimemwambia basi la Namanga linachosha, hataki kusikia. Tutafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao, Mungu akipenda.

Jirani wa Ngara

Karibuni sana. Mzee asitembee, nitakuja na gari. Tukutane Archives saa tatu.